Besi ya Magembe

"Huyu ni wa kunishikia taa tu," alisema Zaidi, akimwonyesha mkewe kwa bisibisi.

Hakusema kwa ubaya. Alisema huku anacheka, kwa sababu Magembe alikuwa ameuliza, "Fundi, na huyu dada naye ni fundi?" na Zaidi hakupenda mteja aliyetoka mbali, Kisarawe huko, adhani kwamba kibanda cha muziki wa magari pale Misugusugu kinaendeshwa na mwanamke. Magembe akacheka. Vijana wa bodaboda waliokuwa kivulini wakacheka. Hajra hakucheka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya boksi la spika alilolipima mwenyewe, akalikata mwenyewe, akalivika kapeti jeusi bila kukunjamana hata kona moja, na mdomoni alikuwa amebana skrubu. Akazitoa skrubu moja moja, akazifuta kwenye khanga, akaendelea na kazi.

Tangu hapo hakumsemesha mumewe.

Gari lilikuwa Mark X nyeupe. Magembe alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Wazazi wake walishuka na mifugo kutoka Usukumani, wakapata malisho Kisarawe, naye akakulia huko. Jumamosi dada yake, Yunis, alikuwa anaolewa, na gari hilo ndilo lingetangulia msafara. Alikuja na sabufa zake mbili mpya ndani ya maboksi yake, amplifaya kubwa, na maneno machache: "Fundi, mtu akisimama getini nataka asikie kifuani, si masikioni."

Kazi ya Zaidi ilikuwa redio, amplifaya na waya. Boksi, na kuzifunga spika ndani ya boksi, ilikuwa kazi ya Hajra, maana Zaidi akishika msumeno mbao hupinda. Wateja wengi hawakulijua hilo. Walilipa, wakaona kazi safi, wakaondoka.

Basi Hajra akafunga spika ya kushoto. Kila spika ina vichwa viwili vya kupokea waya, chanya na hasi, na pembeni kuna alama nyekundu ya kuonyesha waya mwekundu ukae wapi. Ya kushoto aliitazama. Alipofika kwenye ya kulia, mkono ulikuwa kazini lakini moyo ulikuwa umebaki kwenye lile neno. Wa kunishikia taa tu. Akachomeka waya, akakaza skrubu, akainuka.

Barazani alikuwa amekaa mama yake Zaidi, Bi Kidawa, anachambua choroko kwenye ungo, mjukuu wake Rahma kalala ubavuni.

"Mama," alisema Hajra, "mwambie mwanao boksi liko tayari. Mimi nakwenda mashineni kusaga."

Bi Kidawa akamtazama juu ya miwani. "Zaidi yule pale. Una mdomo."

"Mwambie tu, mama."

"Zaidi! Boksi tayari!"

"Mwambie nimesikia," alijibu Zaidi, kisha akashangaa kwa nini naye amesema hivyo.

Hajra alikuwa hajafika mbali na ndoo yake ya mahindi aliposikia mumewe anajaribu muziki. Ulitoka mwembamba, mkavu, kama redio iliyofungiwa kwenye debe. Akasimama. Alijua palepale: ile ya kulia nimeigeuza. Alitaka kurudi. Akawakumbuka wale vijana kivulini, akaona jinsi Zaidi atakavyosema, mnaona sasa? Akaendelea na safari yake. Nitaitengeneza nikirudi, alijiambia, wala hatajua. Na alipoingia mashineni, ule mtambo ukinguruma huwezi kumsikia hata mtu uliyegusana naye bega.

Zaidi naye alijua palepale. Sabufa mbili zikikaa boksi moja lazima zisukume pamoja. Ikitoka hii, na ile itoke. Moja ikigeuzwa waya, hii inatoka wakati ile inaingia, zinanyang'anyana upepo humohumo ndani, na besi inakufa. Ukizitazama zote zinacheza, zote zima, ila hakuna kinachosikika. Kulifungua boksi mbele ya mteja kungekuwa aibu, na kumngoja mkewe arudi kulifungua kungekuwa aibu zaidi. Akainama nyuma ya boksi, pale spika ya kulia inapopokelea waya kutoka kwenye amplifaya, akazigeuza zile waya huko nje. Ni yaleyale tu. Akawasha.

Mabati ya kibanda yakatetemeka. Choroko zikahama zenyewe kwenye ungo wa Bi Kidawa.

"Hapo sasa!" Magembe alipiga makofi. "Hapo umenimaliza, fundi!"

Akaenda kula kwa Selina, ng'ambo ya barabara. Alasiri ikaadhiniwa, Zaidi akaenda msikitini. Gari likabaki buti wazi, na Bi Kidawa akaingia ndani kuswali kwa kukaa, kwa ajili ya magoti.

Hajra alirudi akakuta hapana mtu. Akatua unga, akachukua bisibisi, akaifungua spika ya kulia, akautoa waya mwekundu ulipokuwa akauweka penye alama nyekundu, akafunga. Hakuwasha redio. Watu walikuwa kwenye sala, na kwa Bi Kidawa sala ikiwa inaendelea au adhana ikilia, muziki hauwashwi, awe mteja au awe nani. Alipokuwa anashusha buti akapita kaka yake, Mfaume, anatoka zamu yake kiwandani Zegereni. Wakasalimiana. Hajra akampa pumba za mahindi akawape kuku wake, naye Mfaume akazibeba begani kwenye mfuko wa salfeti uliotuna.

Zaidi, akitoka msikitini, akakutana naye barabarani. "Shemeji!" "Shemeji!" Wakapita.

Magembe alichelewa huko alikokuwa. Alipokuja kuchukua gari ilikuwa magharibi, akatoa pesa iliyobaki, akaingia, na kidole kilikuwa kimeshafika kwenye redio mwadhini alipoanza.

"Baba," Bi Kidawa alimwita taratibu, "adhana hiyo. Utapiga ukishafika mbele."

"Samahani, mama," alisema Magembe, akarudisha mkono. Akaondoka kimya, taa nyekundu za nyuma zikipungua kwenye vumbi.

* * *

Alirudi kesho yake, na safari hii hakusalimia.

Aliegesha mbele ya kibanda, akafungua milango yote na buti, akawasha redio mpaka mwisho. Kilichotoka kilikuwa kelele ya juu tupu, bila kifua. Vijana wa bodaboda wakainuka. Selina akatoka na kijiko chake cha ubwabwa mkononi.

"Fundi," alisema Magembe, "hii ni nini?"

Zaidi alikuwa anazitazama zile spika mbili, zinacheza vizuri kabisa, na hazitoi kitu.

"Jana nimewaita wenzangu nyumbani. Nimewaambia njooni msikie. Unajua wameniuliza nini? Wameniuliza kama hii ni ya gari au ni ile redio ya sola. Mbele ya wakwe wa dada yangu!"

"Kaka Magembe, ngoja niangalie—"

"Usiguse!" Magembe akasimama katikati yake na gari. "Ukigusa utanibadilishia na redio. Mimi nimekaa na watu wa mnadani, nakijua kiini macho. Ng'ombe anaingia mnene, anatoka mwingine ana rangi ileile. Hizi si spika zangu. Mmeziweka za bandia zenye sura ileile, zangu mmezila."

"Wallahi—"

"Usiniapie. Ulinipigia hapa ukanisikilizisha, nikaenda kula nikakuachia gari. Gari lilikuwa na nani?"

Watu wote wakageuka. Hajra alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeshika pazia la mlango.

"Fundi, jamani," alisema kijana mmoja wa bodaboda, nusu kwa utani, "hata sabufa ya harusi?"

Mtu wa Noah ya bluu aliyekuwa anangoja zamu yake tangu asubuhi akawasha gari. "Nitapita baadaye, fundi," alisema, "kuna mahali nimesahau."

"Jumamosi asubuhi," alisema Magembe, akifunga buti, "kabla msafara haujatoka, nataka spika zangu Kisarawe. Zisipofika, nakuja na polisi. Na hapa," akaupiga ubao wa kibanda kwa kiganja, "nakuandikia kwa rangi jina lako la kweli, na kila anayepita barabara hii asome."

Akaondoka. Vumbi likatua kwenye mafurushi ya waya, kwenye redio kuukuu, kwenye choroko. Zaidi akabaki amesimama pale gari lilipokuwa, kama vile bado lipo.

* * *

Nyumba ile ikawa na watu wazima watatu na mdomo mmoja, wa Bi Kidawa.

"Mama, mwambie mwanao chakula kipo."

"Mama, mwambie sina njaa."

"Mama, mwambie kitapoa."

"Zaidi, kitapoa," alisema Bi Kidawa. "Na mimi nitapoa pamoja nacho, maana nyie mtaniua."

Zaidi alikuwa anafikiri, na kila akifikiri alirudi palepale. Nilipokwenda msikitini ilikuwa inapiga. Niliporudi mke wangu alikuwa peke yake. Na kaka yake nilimkuta na mzigo begani. Aliwaza hivyo, akaona haya, akaenda kunawa uso, akarudi akawaza hivyohivyo.

Hajra naye alikuwa na yake. Niliitengeneza kwa mkono wangu. Nilipoifunga ilikuwa sawa. Baada ya hapo nani alibaki na gari mpaka magharibi, anachomeka na kuchomoa? Na chini ya kitanda kuna katoni ya sabufa ambayo Zaidi aliniambia nisiisogeze. Alilia kidogo jikoni, si kwa ajili ya wizi. Alilia kwa sababu aliweza kumfikiria mumewe hivyo.

"Mama," alisema Zaidi hatimaye, "hebu muulize mkweo, juzi kaka yake alibeba nini kwenye salfeti."

Hajra alikuwa amekaa kwenye mkeka uleule. "Mama, mwambie pumba."

"Muulize pumba zinajaa hivyo?"

"Mwambie akawaulize kuku!"

Bi Kidawa hakupeleka ujumbe wowote hapo. Alitazama huku, akatazama huku, akashika tasbihi yake.

Zaidi akaenda kweli. Alimwambia mama yake anakwenda Zegereni kutafuta plaiwudi. Mfaume hakuwapo kwake, basi Zaidi akazunguka nyuma ya nyumba, akachungulia stoo, akachungulia chini ya turubai, mwisho akajikuta ameinama kwenye banda la kuku, kichwa ndani, mwili nje.

"Shemeji," sauti ikasema nyuma yake, "kuna kitu umepoteza humo?"

Zaidi alitoka na nyoya kwenye nywele. Sinia la pumba lilikuwa pale, kuku wanadonoa. Salfeti tupu ilikuwa imeanikwa kambani.

"Nilikuwa... naangalia mabanda. Na mimi nataka kufuga."

Mfaume alimtazama sana. Habari za Magembe zilikuwa zimeshafika kiwandani. "Ungeniuliza tu, Zaidi," alisema, na hakusema tena shemeji. "Ungeniuliza, ningekujibu."

Muda huohuo Hajra alikuwa amelala kifudifudi chini ya kitanda, anaivuta ile katoni. Ndani yake mlikuwa na sabufa kuukuu iliyochanika, imeunguzwa, ile ya kwanza kabisa ambayo Zaidi aliifunga walipofungua kibanda. Ilikuwa imefungwa vizuri kwenye khanga yake Hajra aliyodhani imeibwa kambani. Akaitazama khanga, akairudisha kama ilivyokuwa, akatoka na vumbi usoni.

Sasa ndiyo wakachanganyikiwa hasa. Zaidi alijua hakuiba, akaona na shemeji yake hakuiba. Hajra alijua hakuiba, akaona na mumewe hana kitu. Spika nzima, waya mzima, amplifaya nzima, na besi haipo. Kila mmoja kwanza alifikiri waya umegeuka, akakumbuka kwamba aliuweka sawa kwa mkono wake, na waya haujigeuzi. Zaidi alijaribu kufikiri kwamba Magembe amezibadilisha mwenyewe ili asilipe. Lakini alikuwa ameshalipa. Alifikiri betri. Alifikiri barabara ya Kiluvya, mashimo yake, labda kitu kimekatika. Lakini kikikatika spika isingecheza. Ijumaa alitoa msikitini sadaka kubwa kuliko kawaida yake, na mtu wa saluni jirani akamwambia kuna watu wanaweza kukuchukulia nyota ya kazi yako, akasikiliza mpaka mwisho.

* * *

Siku hiyo, baada ya sala ya Ijumaa, Bi Kidawa alitandika mkeka mpya.

"Katawazeni," alisema. "Wote wawili."

Waliporudi na maji yakiwadondoka, walimkuta ameuweka msahafu juu ya marufaa yake ya mbao, umefunuliwa kitambaa chake. Msahafu ule ulikuwa wa marehemu baba yake Zaidi, na haukuwahi kuwekwa hivyo kwa ajili ya maneno ya watu.

"Mimi nimechoka kuwa simu," alisema Bi Kidawa. "Kesho mtu yule anatuita wezi mbele ya harusi. Kabla hajatuita yeye, nataka nijue mimi. Kila mmoja ataweka mkono, aape. Asiyeweza, aseme sasa, Mungu ni mwingi wa kusamehe."

"Aanze yeye," alisema Zaidi. "Na aape hivi: tangu nilipokwenda msikitini mpaka gari lilipoondoka, mkono wake haukugusa spika ya mtu."

Bi Kidawa akamgeukia Hajra. "Umesikia."

Hajra aliunyoosha mkono. Ukafika karibu, ukasimama hewani. Ilikuwa rahisi kuapa kwamba hakuiba. Hilo angeliapa hata usingizini. Lakini hayo siyo maneno aliyopewa. Akaurudisha mkono, akauweka juu ya goti.

"Hayo siapi, mama."

"Umeona!" Zaidi alisimama. "Mama, umeona!"

"Kaa chini," alisema Bi Kidawa.

"Siapi kwa sababu niligusa," alisema Hajra. Na sasa alikuwa anamtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu lile neno. "Niliifungua ya kulia. Niligeuza waya nilipoifunga mara ya kwanza, nikasikia nikiwa njiani kwamba besi imekufa. Nikaona nikikwambia utanicheka tena mbele ya watu. Basi ulipokwenda kuswali nikaifungua, nikautengeneza waya, nikafunga. Ndiyo dhambi yangu hiyo."

Zaidi alikuwa bado amesimama.

"Waya upi?"

"Wa kulia."

"Ndani ya boksi?"

"Ndani. Kwani nje kuna nini?"

Zaidi akakaa polepole. "Nje niliugeuza mimi," alisema. "Kabla ya kwenda msikitini. Niliugeuza huku nyuma, ikapiga. Mabati yalitetemeka. Muulize mama."

"Mimi sikusikia. Nilikuwa mashineni."

Wakatazamana. Bi Kidawa aliwatazama wote wawili, akangoja mmoja wao amweleze.

"Mama," alisema Zaidi, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeamshwa, "mimi nimeitengeneza. Na yeye ameitengeneza. Kwa hiyo imeharibika."

"Sielewi."

"Hata mimi ningeambiwa nisingeelewa."

Bi Kidawa akafunga msahafu, akaubusu, akaufunika kitambaa. "Mtu anaitwa mwizi," alisema, "kwa sababu nyie hamkusalimiana."

Kisha Hajra akasema, "Una nyoya kwenye nywele. Tangu juzi," na Zaidi akapeleka mkono kichwani, na hakulipata, na Hajra akamtolea.

* * *

Walikwenda Kisarawe kwa pikipiki ya kuazima, kupitia Kiluvya. Walipopanda vile vilima ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaisha, na maturubai ya harusi yalionekana kwa mbali. Hajra alikuwa amebeba bisibisi kwenye mkoba. Zaidi alikuwa na betri moja ya redio mfukoni.

Magembe alitoka na suti mpya yenye lebo bado mkononi. "Spika zangu ziko wapi?"

"Zimo ndani ya gari lako," alisema Zaidi.

"Fundi, leo sina muda wa mchezo."

"Sitagusa kitu bila wewe kutazama. Nakuomba ufungue buti tu."

Watu wakaanza kusogea: wajomba, wapambe, mpiga picha. Bibi harusi akachungulia dirishani, kichwa nusu kimesukwa. Magembe akafungua buti kwa hasira, apende asipende. Zaidi akachomoa waya za spika ya kushoto kutoka kwenye amplifaya, akazigusisha kwenye betri. Karatasi ya spika ikaruka nje, tap. Akachomoa za kulia, akazigusisha vilevile. Karatasi ikaingia ndani.

"Rudia," alisema Magembe.

Akarudia. Moja nje, moja ndani.

"Basi ya kulia ni mbovu."

"Si mbovu. Imegeuzwa. Zinavutana."

"Nani aliigeuza?"

Zaidi angeweza kusema mke wangu, na ingekuwa kweli. Angeweza kusema mimi, na ingekuwa kweli pia.

"Aliigeuza yeye kwa bahati mbaya, nikaitengeneza mimi bila kumwambia. Akaitengeneza yeye bila kuniambia. Ikawa imegeuka tena."

Magembe akamtazama, akamtazama Hajra, akawatazama wajomba zake. "Mmetengeneza wote wawili," alisema taratibu, "ndiyo ikaharibika?"

"Ndiyo."

"Siwaelewi."

"Ni kugeuza waya nje tu, dakika haifiki," alisema Zaidi. "Lakini boksi ni lake. Akihakikisha yeye ndani kwamba kila waya uko kwenye rangi yake, mimi nitaweka za nje zifuate, haitasumbua tena." Akawageukia watu, na akalisema kwa sauti ya kusikika, ingawa masikio yalimwaka moto. "Boksi hili alilitengeneza yeye. Spika amefunga yeye. Yeye ndiye fundi wa boksi. Mimi ni wa waya."

Buti lilikuwa na giza ndani. Hajra alipiga magoti, akabana skrubu ya kwanza mdomoni, na Zaidi akawasha taa ya simu, akaishika, akaisogeza kila mkono wake ulipokwenda.

Walipowasha, vikombe vya chai kwenye meza ya wazee vilianza kutembea. Mwanamke mmoja aliweka mkono kifuani. Wapambe wakapiga vigelegele, na Yunis dirishani akacheza mabega mpaka msusi akampiga kofi la kichwa. Magembe alisimama mbele ya gari lake, macho amefumba. Alipoyafumbua hayakuwa na furaha yote.

"Inapiga," alisema. "Lakini mimi nitasemaje? Hii habari yenu nani ataiamini? Labda mlikuja nazo, mkazirudisha kijanja hapahapa. Sijui. Leo ni harusi, tuache."

"Kaka Magembe," alisema Zaidi, "sikuombi uniamini. Nakuomba kitu kimoja. Uliniita mwizi pale barabarani, kila mtu akasikia. Pita palepale siku yoyote, upige, wasikie inavyopiga. Usishuke hata kwenye gari."

"Nitaona," alisema Magembe.

Msafara ukatoka, besi ikatangulia, ikashuka kilima. Mpiga picha aliwaambia wasogee, wanaharibu picha.

* * *

Hakupita Jumapili. Hakupita Jumatatu, wala siku zilizofuata. Mtu wa Noah ya bluu alionekana mbele huko, kwenye kibanda kingine, milango imefunguliwa. Mfaume hakuja kuchukua pumba. Vijana wa bodaboda walimsalimia Zaidi, lakini walipomsalimia walikuwa wanatazamana. Hajra alitengeneza boksi ambalo hakuna aliyeliagiza, akalivika kapeti, akalisimamisha nje lionekane. Usiku walizungumza, kidogo kidogo, kama watu wanaojifunza kutembea, na mara nyingine walikatizana, kisha kila mmoja akasema, "Endelea wewe."

Ilikuwa magharibi, adhana imeshaanza, Zaidi anatafuta kofia yake, Mark X nyeupe ilipotokea ikaja taratibu, ikaegesha ng'ambo ya barabara mbele ya kwa Selina. Injini ikazimwa. Redio ilikuwa kimya. Hakuna aliyeshuka.

"Anataka nini tena yule?" aliuliza Selina. Vijana wakasogea kidogo, kama wanaotarajia polisi.

Zaidi akasimama, kofia mkononi. Hajra akatoka, akasimama karibu yake. Ndani ya gari alionekana Magembe, mikono yote miwili juu ya usukani, anatazama mbele, anangoja. Mwadhini aliendelea, akavuta neno la mwisho, akanyamaza. Sauti ya kipaza sauti ikakatika.

Ndipo Magembe akanyoosha kidole kwenye redio.

Mabati yakaitikia kwanza. Kisha mifuniko ya sufuria kwenye kichanja cha Hajra, kisha vioo vya saluni, kisha vifua vya watu. Kijana mmoja wa bodaboda akasema neno ambalo Bi Kidawa hakupaswa kulisikia. Magembe alipiga wimbo mzima, mpaka mwisho, bila kugeuza kichwa. Ulipoisha akawasha gari, akapiga honi mara moja, akaondoka. Na hakuna aliyejua honi ile ilikuwa samahani, au kwaheri, au kulikuwa na mbuzi barabarani.

Bi Kidawa alikuwa bado ameushika ungo kwa mikono miwili, usimwage.

"Mama Rahma," alisema, "mwambie mumeo watu wameshasimama kwenye sala, anachelewa."

Hajra alimgeukia Zaidi, aliyekuwa hatua moja tu kutoka kwake.

"Baba Rahma," alisema, "unachelewa."